Kidole Juu ya Kope

Watu walimwita Uzi, na si kwa sababu alikuwa mwembamba. Mwili alijaliwa, tena wa kugawia jirani. Jina lilitokana na kazi: kwa miaka kumi na tisa alisimama nyuma ya kiti cha kwanza cha saluni, ncha ya uzi wa pamba ameiuma kwa meno, sehemu iliyobaki ameizungusha vidoleni, akitinda nyusi za watu. Ukikaa kwenye kiti chake unafumba macho, unasikia kr-kr-kr juu ya jicho, chozi moja linakutoka bila ruhusa, na ukifumbua unakuta uso wako umeamka. Maharusi walimjua, walimu walimjua, hata wanaume wawili watatu walimjua, ila hao walikuja saluni ikiwa tupu na kuapa kwamba wamemsindikiza mke.

Kazi hiyo ina siri moja tu, nayo ni ngozi. Ngozi ikilegea, uzi unabana nyama badala ya nywele, na mteja anaruka. Watindaji wengi humwambia mteja avute kope yake mwenyewe. Uzi hakumwamini mteja hata mmoja. Alikuwa amekizoeza kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kifanye kazi hiyo: vidole vingine vikicheza na uzi, hicho kilitua juu ya kope iliyofumbwa na kuivuta chini taratibu. Chini ya kidole alisikia jicho la mtu likihangaika kidogo, likipanda juu, kisha likitulia. Kila jicho lilifanya vivyo hivyo. Hakuwahi kujiuliza kwa nini, na sidhani kama wewe ungejiuliza.

Kazi yenyewe alijifunzia usoni mwa wifi yake. Hapa nieleze vizuri, maana watu huuliza. Wifi alikuwa mke wa kaka yake Uzi. Kaka mtu akaja kuondoka, akaoa kwingine, akatuma ujumbe wa mistari miwili, ndoa ikaishia hapo. Lakini Uzi alisema yeye hajatoa talaka kwa mtu, na Wifi akasema hajapokea. Wakaendelea kuitana wifi, wakapanga vyumba viwili vinavyotazamana kwenye korido moja, wakapika kwa zamu, wakanuniana kwa zamu pia. Hawakuwa na damu moja wala ndoa ya kuwashikilia. Walishikiliwa na kupendana tu, na Uzi alijua hilo kuliko alivyojua jambo lolote. Siku akimpoteza Wifi, hakuna ukoo wala hakimu wa kumrudisha.

Wifi alikuwa mchora mabango. Maduka, vinyozi, shule, ubavu wa malori, yote yalikuwa na mkono wake. Alipanda ngazi na kopo la rangi kiunoni, akapiga mstari wa chaki, kisha akaandika bila kurudia. Herufi zake zilisimama wima, na watu walimfuata kwa ajili hiyo tu. Miaka ile Uzi anajifunza kutinda, ni Wifi aliyejitolea uso. Wiki ya kwanza unyusi wa kulia uliondoka wote. Wifi alijitazama kwenye kioo, akachukua brashi nyembamba na kujichorea unyusi mpya kwa rangi nyeusi ya mabango. Ulikaa siku nne.

“Ukiulizwa nani kanitinda,” alimwambia Uzi, “sema ni ajali ya moto.”

Basi mashine ya leza ilipoingia saluni, nani mwingine angelala wa kwanza?

Mwenye saluni, ambaye wote walimwita Madamu, aliileta akiwa na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Alifika na mwalimu wa kuwafundisha kwa siku mbili, Uzi na mwenzake wa kiti cha pili, dada mmoja mwenye mikono myepesi waliyemwita Chapchap. Mwalimu alieleza kwamba mwanga wa mashine huunguza mzizi wa nywele, na nywele haioti tena kirahisi. Miguu, kwapa, kidevu, yote sawa, miwani ya kinga ikiwa machoni. Nyusi ni habari nyingine. Juu ya nyusi mnaweza, alisema, lakini chini ya nyusi, upande wa jicho, ndani ya mfupa huu, msifanye. Na kama daktari akitaka kufanya hapo, huweka vikombe hivi. Akawaonyesha vikombe viwili vya chuma, vidogo, vya kuvaa juu ya jicho lenyewe, chini ya kope, baada ya kutia dawa ya ganzi.

Mwalimu akaondoka. Vikombe vikaingia kwenye droo, pamoja na machanuo yaliyovunjika. Wateja nao walitaka nini? Chini ya nyusi, mahali pale pale, maana umbo la unyusi linatokea huko. Na Uzi alikuwa na kidole chake, akaona kinatosha badala ya vikombe.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, saluni imetulia. Wifi alilala kitandani, miguu na viatu vyenye madoa ya rangi ikining’inia.

“Wifi, ukiniunguza nitakuchora kwenye bango nikuweke njia panda.”

“Lala huko. Bango lenyewe utakosea hata jina langu.”

Uzi akamvutia miwani ya kinga chini hadi mashavuni, ili apate nafasi. Kidole kidogo kikatua juu ya kope, kikaivuta. Alisikia jicho likihangaika, likipanda, likitulia. Wifi alilala kimya kabisa. Uzi akaelekeza kichwa cha mashine chini ya unyusi wa kushoto na kubonyeza.

“Wifi!” Wifi aliinuka ameshika jicho. “Umeniwashia taa ndani ya kichwa!”

“Nimekuunguza ngozi?”

“Si ngozi. Ndani. Ndani ya jicho.”

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Uzi akamwekea kitambaa cha maji baridi. Jioni Wifi alisema maumivu yamepungua, na Uzi akaamini kwa sababu alitaka kuamini.

Asubuhi jicho lilikuwa jekundu, na Wifi hakuweza kutazama mlangoni. Katikati ya jicho, ule mduara mweusi haukuwa mduara tena. Ulikuwa umevutika upande mmoja kwa juu. Uzi alipouona, alisema waende kwa daktari.

Walipitia saluni kwanza, maana sheria ya Madamu ilikuwa kwamba ajali yoyote iandikwe kitabuni kabla mtu hajaenda popote. Madamu alifungua kitabu, akashika kalamu, akamtazama Uzi kwa uso ambao haukuwa na mjukuu tena.

“Ilikuwaje?”

Uzi alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Wifi alidakia.

“Ni mimi, Madamu. Huyu alinichekesha, nikaruka. Kichwa kikaenda huku, mashine ikaenda kule.”

Madamu akapumua. Akaandika: *Mteja alisogea.* Akamsogezea Uzi kitabu, na Uzi akatia sahihi. Kidole kilichokuwa juu ya kope ile kilijua kwamba Wifi hakusogea hata unywele. Alisaini hivyo hivyo.

Daktari wa macho alikuwa mzee mpole asiye na haraka. Alimpima Wifi muda mrefu kwenye chombo chake, taa ikimuumiza mpaka machozi yakalowesha kola. Alipomuuliza ilivyotokea, Wifi alirudia maneno yale yale: alicheka, akaruka. Daktari akatikisa kichwa.

“Hata usingeruka, mama, ingekuwa hivi hivi. Mtu akifumba macho, jicho hupanda juu kuelekea unyusi. Kope ni ngozi nyembamba mno, haizuii kitu. Na mwanga ule unatafuta rangi nyeusi. Ukikosa nywele, unaikuta rangi ya jicho lenyewe.” Akamgeukia Uzi. “Wewe unafanya kazi huko?”

“Ndiyo, daktari.”

“Waambie wenzako. Leo hii. Pasipo vikombe vya chuma, mtu asiguse hapo.”

“Nitawaambia.”

Uzi alikitazama kidole chake kidogo. Miaka yote ile macho ya watu yalikuwa yakipanda chini ya kidole chake, na yeye alidhani ni wateja tu, hawatulii.

Daktari alisema dawa ya matone itatuliza uvimbe, lakini mboni iliyovutika haitarudi kuwa duara, wala haitajikaza vizuri tena mbele ya mwanga mkali. Jua la mchana litakuwa adui. Wifi aliuliza kama ataweza kupanda ngazi.

“Kupanda utapanda,” daktari alijibu. “Sijui utaona nini ukifika juu.”

Uzi hakuwaambia wenzake, siku ile wala kesho yake. Nitamtetea kwa nini? Alikuwa na sababu zake, na zilikuwa za mtu mwoga. Kuwaambia ni kusema kwamba kitabu kina uongo wenye sahihi yake. Ni kumwaga unga na kuacha kiti cha miaka kumi na tisa. Lakini hiyo ilikuwa sababu ndogo. Kubwa ni kwamba Wifi alikuwa akijilaumu mwenyewe, au ndivyo Uzi alivyoona, na Wifi akijilaumu hatamlaumu yeye. Angebaki na wifi yake. Ukimya ulikuwa bei nafuu, alidhani. Akajiambia labda kweli alisogea kidogo. Alijiambia hivyo mara nyingi, hasa akiwa anampikia.

Alichofanya ni kumwambia Madamu kwamba mkono unamuuma, kwa hiyo mashine hataigusa tena, atabaki na uzi wake. Mashine ikaenda kwa Chapchap. Na Chapchap alikuwa mwanafunzi mzuri: kila alichojua kuhusu nyusi alifundishwa na Uzi, pamoja na kidole kidogo juu ya kope. Kutoka kwenye kiti chake, kupitia kioo, Uzi alikuwa akikiona kidole kile kila siku kikitua na kuvuta.

Siku moja alijikaza. “Chapchap, kwa nini usitumie vikombe?”

“Vipi wewe hukutumia?”

“Mimi ni mimi.”

“Dada, si wifi yako alisogea? Imeandikwa. Mimi wangu nawaambia wasisogee.”

Uzi aliuma uzi wake, akaendelea na kazi.

Nyumbani mambo yalikwenda vibaya kidogo kidogo. Wifi alijaribu kurudi kazini na miwani nyeusi. Alipewa bango la shule, kubwa, juu ya lango. Alipanda saa tatu asubuhi, na saa sita aliposhuka aliona kwa jicho zima alichokifanya: neno la kwanza limesimama, la pili limelala, la tatu linateremka kuelekea ukutani. Mwalimu mkuu alikuwa mstaarabu, akasema litafaa. Wifi alipanda tena, akapaka rangi nyeupe juu ya kazi yake yote, akashuka, akabeba ngazi yake kurudi nyumbani. Baada ya hapo alifanya vibao vya milangoni tu, ndani ya chumba, pazia limefungwa. Utani hakuuacha. “Wifi, nimekuwa popo,” alisema, “nasubiri tu kuota mabawa.” Uzi alicheka, kisha akaingia chumbani kwake na kulia akiwa ameuma kanga ili asisikike.

Mwezi wa nne tangu ajali, msichana wa chuo alirudi saluni akiwa na mama yake. Siku mbili kabla Chapchap alikuwa amemtoa nyusi. Msichana huyo alisomea kazi ya maabara, kutazama vijidudu kwenye darubini siku nzima. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu, na mduara mweusi umevutika upande mmoja kwa juu.

Uzi aliuona kutoka kwenye kiti chake. Uzi ukamtoka mdomoni.

Madamu alikuwa ameshafungua kitabu. Kalamu ilikuwa inaandika hata kabla hajauliza. “Ulisogea, mwanangu?”

“Sikusogea,” msichana alisema. “Nililala kimya. Dada alikuwa amenishika hapa kwenye kope.”

“Watu husogea bila kujua.”

“Hakusogea, Madamu,” Uzi alisema. Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, na vikaushio vya nywele vikazimwa kimoja kimoja. “Hata wifi yangu hakusogea. Ni kile kidole. Mimi ndiye niliyemfundisha Chapchap. Daktari aliniambia kila kitu, akanituma niwaambie, nikanyamaza.”

Chapchap alijitazama mkono wake wa kushoto, akakaa chini sakafuni penye nywele zilizokatwa. Mama wa msichana hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: “Uliambiwa lini?” Uzi alipomjibu, mama yule alihesabu kwa midomo bila sauti, kisha akamshika mwanawe begani na kutoka naye kwenda kwa daktari. Madamu aliifunika mashine kwa shuka na kumwambia Uzi aende nyumbani. Hakusema hadi lini.

Alitembea moja kwa moja hadi kwa Wifi. Wifi alikuwa ameinama juu ya kibao cha mlango, taa ndogo nyuma yake, pua karibu iguse mbao.

“Mbona mapema? Saluni imeungua?”

“Wifi, nina neno.” Uzi alikaa kitandani. Mikono haikuwa na pa kwenda. “Siku ile hukusogea. Hukusogea hata kidogo. Ni mimi. Kidole changu kilikuwa juu ya kope yako, na nilijua, na nimekuacha ujilaumu miezi minne.”

Wifi aliendelea kuvuta brashi mpaka mwisho wa herufi. “Najua,” alisema.

“Unajua?”

“Wewe nawe. Mtu amekushika jicho, utasogea uende wapi? Nilijua pale pale kwenye kitanda. Madamu alipotoa kitabu, nikaona atakufukuza, nikatupa neno la kwanza lililokuja. Ungekula nini, mabango? Huwezi kuchora hata kuku.” Akatabasamu, uso umeelekea kibaoni. “Nilikuwa nangoja tu uniambie mwenyewe. Umechelewa, lakini umefika.”

Uzi aliangua kilio kama mtoto. Miezi minne ya woga ilimtoka kwa mkupuo mmoja. Alishuka kitandani, akamkumbatia Wifi miguu, akalia mpaka kwikwi ikamshika, na Wifi akampapasa mgongo kwa mkono wenye rangi, akimwambia basi, basi, utanimwagia kopo. Kwa dakika chache zile alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Kisha akakumbuka kwamba hajamaliza kusema.

“Kuna msichana,” alisema.

“Msichana gani?”

Akamweleza. Chuo, darubini, Chapchap, mduara uliovutika. Mkono mgongoni mwake ulisimama, halafu ukaondoka.

“Daktari alikuambia uwaambie. Mbele yangu.”

“Ndiyo.”

“Nami nikajua umewaambia. Nilikaa humu gizani nikijua walau wengine wamepona.” Wifi aliweka brashi chini. Alipogeuka, machozi yalitoka macho yote mawili, lile zima na lile bovu. “Jicho langu nilikupa, wifi. Lilikuwa langu, nikakupa kwa moyo mmoja, na nisingekuuliza hata nikifa. La yule mtoto alikupa nani?”

Uzi alifuta uso kwa kiganja.

Wifi alisimama, akavaa miwani yake nyeusi. “Nionyeshe kwao.”

“Jua ni kali, wifi. Tungoje kidogo.”

“Neno la kwanza la uongo nililisema mimi. Nitaenda kuwaambia mwenyewe. Wewe nionyeshe njia tu.”

Nje jua lilikuwa limepiga ukuta mweupe wa jirani, na Wifi alipofungua mlango aliinamisha kichwa na kusimama, haoni kitu. Uzi alimnyooshea mkono. Tangu ajali walikuwa wakitembea hivyo, kiwiko kwa kiwiko. Wifi aliusogeza mkono ule pembeni, polepole, bila hasira, akashika ukuta na kuanza kushuka ngazi za mlangoni peke yake.